Jiwe Linalocheza na Stima, na Waliolizuia Lisipasuke

Wasee, swali la haraka kabla hujaendelea kuskroli. Kile kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kinacholia "tak!" halafu moto unawaka, cheche yake inatoka wapi? Hakina betri. Hakijachomekwa ukutani. Ndani yake kuna nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha kauri, na hicho kipande kikigongwa kinatema volti maelfu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Basi. Moto umewaka, chai inapikwa, na hakuna anayeuliza.

Sasa igeuze hiyo stori. Kauri ya aina hiyo, badala ya kuigonga upate stima, ipe stima uone. Itajinyoosha. Kidogo sana, macho hayaoni, lakini kwa nguvu na kwa kasi ambayo mota ya kawaida haiwezi kuigusa. Kifaa kinachotumia ujanja huu kusukuma vitu kinaitwa aktueta ya piezo. Kiko kwenye nozeli za magari mengi ya dizeli, kwenye printa za wino, kwenye mashine ya daktari wa meno ya kukwangua ugaga, na hata kwenye roboti iliyoko Mars.

Na kinavunjika. Hiyo ndiyo sehemu ambayo video nyingi za "sayansi ya ajabu" huwa zinairuka. Kauri ni kauri, ndugu ya kikombe cha chai. Ukiitingisha mara elfu kwa sekunde bila akili, inapasuka. Msimamo wangu leo ni huu: historia ya piezo tunayosimuliwa imekaa upande mmoja. Tunasifu waliogundua kwamba jiwe linaweza kucheza, na tunasahau waliotumia zaidi ya miaka 100 kujifunza kulizuia lisife likicheza. Bila hao wa pili, hao wa kwanza wangebaki kuwa stori ya maabara tu.

Tuanze mwanzo.

PARIS, 1880: VIJANA WAWILI NA MAWE

Mwaka wa 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walikuwa wanacheza na fuwele huko Paris. Pierre alikuwa na miaka 21, Jacques 24. Ndiyo, umri wenu. Walichukua fuwele kama kwatsi, tumalini na hata sukari ya miwa, wakazibana, wakapima, wakakuta umeme kidogo unajitokeza kwenye nyuso zake. Neno "piezo" lenyewe linatokana na Kigiriki, maana yake kubana au kukandamiza. Lishike hilo neno kubana, tutalirudia sana.

Mwaka uliofuata mwanafizikia Gabriel Lippmann akapiga hesabu kwenye karatasi akasema: kama kubana kunaleta umeme, basi umeme nao lazima ubadilishe umbo la fuwele. Ndugu hao wakarudi maabara, wakathibitisha mwaka huo huo wa 1881. Kwa hivyo wazo la aktueta lina miaka zaidi ya 140.

Lakini wazo si kifaa. Ukiipa kwatsi volti 1,000, inasogea kama nanomita 2 hivi. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita makumi ya maelfu. Huwezi kusukuma kitu cha maana na mwendo kama huo. Curie walitumia kwatsi kutengeneza kifaa cha kupimia chaji ndogo sana za umeme, na Marie Curie akakitumia kwenye kazi iliyomfikisha kwa poloniamu na radiamu mwaka wa 1898. Kwa miaka mingi jiwe letu lilikuwa ni la kupima, si la kufanya kazi ngumu. Na kitu kisichofanya kazi ngumu hakivunjiki sana.

VITA NDIYO ILIYOLITOA JIWE MAABARA

Kilichobadilisha mambo ni hofu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli na hakuna aliyeweza kuziona chini ya maji. Mfaransa Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, akaanza kutafuta njia ya kupiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Mnamo 1917 akaifikia njia iliyofanya kazi: alipanga vipande vyembamba vya kwatsi, akavibandika katikati ya sahani mbili za chuma kama nyama ndani ya mkate, akaupa mkate huo umeme unaobadilika haraka. Wote ukaanza kutetemeka na kutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii.

Vita viliisha kabla kifaa hicho hakijatumika sana, lakini ndicho babu wa sonari. Na pale kliniki, mama mjamzito akipakwa ile jeli baridi tumboni ili mtoto aonekane kwenye skrini, anatumia mjukuu wa wazo hilo hilo.

Angalia kitu kimoja hapo. Langevin hakuliacha jiwe peke yake. Alilipatia chuma pande zote mbili. Sababu yake kubwa ilikuwa kushusha kasi ya mtetemo ifike anapotaka bila kuhitaji jiwe nene mno na volti za kutisha. Lakini wahandisi waliokuja baadaye walichukua ule mkate wakaufanyia jambo la ziada: walipitisha bolti katikati, wakaikaza kwa nguvu. Hadi leo mashine nyingi za kuosha vyombo vya hospitali kwa mawimbi ya sauti, na za kulehemu plastiki, zina moyo wa aina hiyo. Na bado kifaa kinaitwa kwa jina la Langevin. Bolti haina jina la mtu.

Kwa nini bolti? Hapa ndipo pana stori yenyewe.

CHAKI, VITABU NA SIRI YA KUBANA

Chukua chaki ya mwalimu. Ibane kwa ncha zake mbili, uisukume ndani kwa nguvu zako zote, ukiwa umeinyoosha vizuri. Haivunjiki kirahisi. Sasa ikunje kidogo tu. Tap! Imekatika. Sababu ni kwamba ukiikunja, upande mmoja wake unavutwa, na vitu vya aina ya chaki, kauri, mawe na saruji vinastahimili kubanwa kuliko kuvutwa, kwa tofauti kubwa. Kauri za piezo zinastahimili kubanwa mara kama 10 zaidi ya kuvutwa. Kila kauri ina vinyufa vidogo visivyoonekana. Ukibana, vinyufa vinafungwa. Ukivuta, unavifungua.

Sasa fikiria aktueta inafanya kazi kwa kasi. Umeme unaingia, kauri inajinyoosha, inasukuma kitu kilichoko mbele yake. Umeme unatoka, kauri inarudi. Tatizo ni kile kitu kilichosukumwa: kina uzito, na uzito hautii amri papo hapo. Kauri inataka kurudi nyuma, mzigo bado unaenda mbele. Wakiwa wameunganishwa, mzigo unaivuta kauri. Na kauri haitaki kuvutwa.

Hesabu yake inatisha. Weka mzigo wa gramu 100 kwenye aktueta inayosogea mikromita 20 kwenda na kurudi, mara 1,000 kwa sekunde. Nguvu inayopatikana ni kama nyutoni 40, yaani kama kuning'iniza mfuko wa kilo 4 kwenye kauri hiyo. Ongeza kasi iwe mara 2,000 kwa sekunde. Nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne: nyutoni karibu 160, kilo 16. Kauri ile ile, mwendo ule ule usioonekana kwa macho. Ndiyo maana kifaa kinaweza kukaa fiti kabisa mezani kikisogezwa polepole, halafu kikafa siku ya kwanza kikipewa kasi.

Dawa yake ni rahisi kueleza: ibane kabla haijaanza kazi. Ukiweka bolti au springi inayoikandamiza kauri kwa nguvu kubwa kuliko mvuto wowote utakaotokea, basi hata mzigo ukivuta, kauri haivutwi kamwe. Inapunguziwa tu kubanwa. Ni kama kubeba vitabu kumi kwa kuvibana kwa mikono miwili kutoka kwenye rafu. Havina gundi, havina kamba, lakini vinakaa kama kitu kimoja kwa sababu unavikandamiza. Ukilegeza, vyote sakafuni.

Wazo hilo halikuwa la piezo peke yake. Mfaransa mwingine, Eugène Freyssinet, mwaka 1928 alichukua hataza ya kubana saruji kwa nyaya za chuma zilizovutwa. Leo hii madaraja mengi ya barabara kubwa yanasimama kwa ujanja huo. Kwa hivyo ukipita chini ya flaiova, kumbuka kwamba juu yako kuna tani za saruji zilizobanwa mapema ili zisije zikavutwa. Saruji na kauri zina ugonjwa mmoja na dawa moja.

Ila dawa ina kipimo. Springi ikiwa ngumu mno, kauri inapoteza nguvu kupigana nayo na mwendo unapungua. Ukikaza kupita kiasi, unaweza kuharibu mpangilio wa ndani unaoifanya iitikie stima. Kwa hivyo fundi wa kweli hakazi kwa hasira. Anakaza kwa hesabu.

KAURI YA VITA VYA PILI

Kwatsi ilikuwa imefika mwisho wake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa Marekani, Japani na Muungano wa Sovieti, kila mmoja kivyake, walikutana na kauri iitwayo bariamu titaneti. Baada ya vita ikajulikana kwamba ukiipa volti kubwa mara moja, inajipanga ndani na kuanza kufanya kazi kama fuwele ya Curie, kwa nguvu zaidi. Tena inatengenezwa kiwandani kwa umbo unalotaka. Lakini ikifika nyuzi 120 hivi za Selsiasi, inasahau kila kitu. Mpangilio wake unayeyuka na inabaki kauri ya kawaida. Kiwango hicho cha joto kinaitwa kwa jina la Curie, yule yule Pierre.

Katika miaka ya 1950 ikaja mchanganyiko wa risasi, zirkoniamu na titaniamu, unaojulikana kwa herufi PZT. Watafiti wa Tokyo waliufungua mlango, na mwaka 1954 Bernard Jaffe huko Marekani akaonyesha nguvu yake halisi. Kauri hii inastahimili joto zaidi na inasogea zaidi. Kipande cha milimita 20 kinarefuka kama mikromita 20. Bado ni kidogo, lakini ukilinganisha na kwatsi ni kama kutoka baiskeli hadi matatu.

Halafu miaka ya 1980, Wajapani wakawa mbele kwenye kupanga tabaka nyembamba za kauri na chuma na kuzichoma pamoja kwenye tanuri, kama chapati za kukunja. Kila tabaka ni jembamba sana, kwa hivyo volti 100 na kidogo zinatosha badala ya maelfu. Hapo aktueta ikaacha kuwa kitu cha jeshi na maabara. Lakini kumbuka: tabaka mia kadhaa ni mipaka mia kadhaa, na kila mpaka ni mahali ufa unaweza kuanzia ukivuta. Kadri kifaa kilivyokuwa na uwezo, ndivyo ulinzi ulivyokuwa suala la kufa na kupona.

NOZELI YA DIZELI: MTIHANI WA MWISHO

Mwaka wa 2000 Siemens ilianza kutengeneza kwa wingi nozeli za piezo za injini za dizeli, na Bosch ikafuata mwaka 2003. Badala ya sumaku ya umeme kufungua nozeli, safu ya kauri inajinyoosha na mafuta yanapuliziwa. Kasi yake inaruhusu kupulizia mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, na injini inakuwa tulivu na safi zaidi.

Sasa fanya hesabu nami. Gari linatoka Nairobi kwenda Mombasa, saa 8, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara 1,000 kwa dakika. Tuseme nozeli inapulizia mara tatu kila inapowaka. Kufika Mombasa, kauri moja imejinyoosha na kurudi karibu mara milioni moja na nusu. Kwa safari moja! Ndani ya injini yenye joto, mitetemo na mafuta yenye shinikizo la kutisha.

Inastahimili vipi? Kauri imefungwa ndani ya bomba jembamba la chuma lililokatwa matundu mengi hadi likawa springi, na bomba hilo linaibana muda wote. Ni bolti ile ile ya zamani, imevaa suti. Mwaka 2005 wahandisi wa kazi hii walipewa tuzo ya Rais wa Ujerumani ya teknolojia na ubunifu. Kwa hivyo nisiseme hawakuwahi kushukuriwa. Lakini manze, niambie ukweli: jina la Curie umelisikia darasani. La hao je?

MAADUI WENGINE

Kubana hakutoshi. Ukiisoma historia hii unaona orodha ya maadui ikiongezeka kadri kasi inavyoongezeka.

Wa kwanza ni stima ya ghafla. Kila kitu kina mdundo wake wa asili, kama bembea. Ukiipiga kauri kwa volti zote mara moja, inaruka kupita pale ilipotakiwa kusimama, wakati mwingine karibu mara mbili, kisha inarudi kwa kishindo. Ndiyo maana saketi nzuri zinapandisha na kushusha volti kwa mteremko laini na kuweka mpaka kwenye mkondo wa umeme. Na kuitingisha kwenye mdundo wake wa asili bila kuipangia ni kujitafutia mavumbi.

Wa pili ni joto. Kila mzunguko, sehemu ya umeme inapotea kuwa joto ndani ya kauri. Ukiongeza kasi mara mbili, joto nalo linaongezeka mara mbili. Ukiongeza volti mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Mazoea ya wahandisi ni kutovuka nusu ya ule ukomo wa Curie.

Wa tatu ni kugeuza volti. Kauri imepangwa upande mmoja, na ukiipa volti kubwa ya kinyume unaipindua. Wa nne ni kusukumwa kutoka kando. Kumbuka chaki: kuikunja ndiko kunakoiua. Kwa hiyo aktueta nyingi zina ncha ya mviringo kama gololi, ili nguvu ipite katikati tu. Wa tano ni unyevu, unaopenya polepole hadi umeme ukapata njia ya mkato kati ya tabaka.

Ukiwashinda wote hao, unafika mbali kweli. Roboti ya Curiosity ilitua Mars Agosti 2012 ikiwa na kifaa kinachochunguza unga wa miamba, na unga huo unatingishwa na piezo ili uzunguke vizuri mbele ya miale ya eksirei. Huko hakuna fundi. Hakuna spea. Kilichofika huko si ugunduzi wa 1880 peke yake. Ni miaka yote ya kuvunja, kuchunguza ufa na kukaza upya.

KWA NINI NAJALI, NA WEWE UJALI

Unaweza kusema, sawa, lakini hii ni stori ya Paris na Ujerumani, sisi tunahusikaje? Tunahusika kwa sababu vifaa vinafika hapa bila historia yake. Gari linashuka bandarini likiwa limeshatumika, likiwa na nozeli za piezo, na linaingia gereji ambapo fundi amejifunza kwenye nozeli za sumaku. Yeye ana mbinu ya kitambo: injini ikikohoa, anachomoa plagi ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma, ili ajue ni silinda gani mgonjwa. Kwa nozeli ya zamani, hiyo ni akili safi.

Kwa piezo, ni hatari. Kauri ni kama chombo cha kuhifadhi chaji. Ukiikatia waya ikiwa imejinyoosha, chaji inaweza kubaki ndani na nozeli ikabaki imefunguka, mafuta yanamiminika ndani ya silinda na injini nzima inaweza kuharibika. Tena waya hizo zina volti zaidi ya 100, zinaweza kukuumiza. Fundi huyo si mjinga. Alipewa kifaa, hakupewa stori ya kifaa. Na bili anailipa mwenye gari, na lawama anabeba fundi.

Hilo ndilo linanifanya niandike. Tukifundisha sayansi kama orodha ya wagunduzi na miaka yao, tunatoa watoto wanaojua nani alikuwa wa kwanza, lakini hawajui kitu kinakufa vipi. Na nchi inayotumia mitambo iliyotengenezwa kwingine inahitaji sana huo ujuzi wa pili. Chuo cha ufundi kinachofundisha kwa nini kauri inabanwa, kwa nini volti inapandishwa taratibu, kwa nini plagi haichomolewi, kimefundisha historia na kazi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kama uko chuo cha ufundi sasa hivi na unaona wenzako wa "uvumbuzi" ndio wanapigwa picha, tulia. Jacques na Pierre walionyesha kwamba jiwe linaweza kucheza. Aliyekaza bolti ndiye aliyelifanya licheze mara milioni moja na nusu hadi Mombasa, na kurudi.